Koni Tatu Zijaze Mcheduara Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Modeli za Jiometri kwa Manila na Boksi

Walimu wa hisabati wanaojitengenezea zana hukwama palepale. Koni ipo, mcheduara (silinda) upo, mchanga umeletwa, wanafunzi wamesogea mbele. Koni ya tatu inamiminwa na mcheduara bado una nafasi kubwa. Wengine hufika nne na nusu. Mwalimu anabaki kusema, "Zilitakiwa ziwe tatu." Lakini mtoto ameshaona nne na nusu kwa macho yake, na kesho atakumbuka alichokiona kuliko alichoambiwa.

Kanuni kwamba ujazo wa koni ni theluthi moja ya mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo haina kosa, na manila yako haina kosa. Kinachoharibu ni vipimo viwili vinavyochanganywa, ulimi wa gundi unaokula mzingo, na jinsi mchanga unavyojazwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake na usiruke zile za kupima. Modeli ya jiometri isiyo sahihi ni afadhali isiingie darasani kabisa.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa sababu gundi ikishapakwa hutapata muda wa kutafuta kibanio.

- Manila ngumu. Kwa koni na mcheduara inatosha moja. Kalenda kubwa ya ukutani ya mwaka uliopita nayo inafaa sana, maana karatasi yake ni ngumu na haina mawimbi.
- Boksi kuukuu, kwa ajili ya pete na kuimarisha vitako tu. Usilitumie kwa kuta.
- Rula ya sm 30, kigunia (rula ya pembetatu yenye pembe mraba), kipimapembe na bikari.
- Penseli iliyochongwa vizuri. Mstari mnene wa milimita moja ni kosa la milimita moja.
- Mkasi, na wembe au kisu cha karatasi.
- Kalamu iliyokwisha wino, ya kutia mikunjo.
- Gundi nyeupe ya mbao, au gundi ya unga wa muhogo.
- Vibanio vya nguo visivyopungua sita.
- Selotepu.
- Mchanga mkavu uliochekechwa, kama lita moja na nusu.

Gundi ya muhogo ni rahisi. Koroga kijiko kimoja cha unga kwenye vijiko vitano vya maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo uweke motoni huku ukikoroga mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Iache ipoe. Ikiwa nyepesi itailowesha manila, na manila iliyolowa hujipinda ikikauka, kwa hiyo ipake nyembamba kwa kidole. Tena inavutia mende na panya. Modeli utakazotaka zidumu miaka zipake gundi ya mbao.

Bikari nyingi za mkebe wa wanafunzi hazifunguki vizuri hadi sm 10. Usihangaike nayo. Kata utepe wa boksi, toboa matundu mawili yaliyoachana sm 10 kamili, chomeka pini kwenye tundu moja na ncha ya penseli kwenye jingine, kisha zungusha. Duara litakalotoka litakuwa safi kuliko la bikari inayolegea.

## Vipimo vyenyewe: 6, 8 na 10

Koni na mcheduara lazima viwe na kitako sawa na kimo sawa. Tutatumia nusu kipenyo cha sm 6 na kimo cha sm 8.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anasikia "kimo sm 8", anachukua bikari, anaifungua sm 8 na kuchora duara la kukatia koni. Lakini ule urefu wa bikari hauwi kimo cha koni. Unakuwa mshazari, yaani umbali wa kutoka kwenye ncha kushuka ubavuni hadi kwenye ukingo. Kimo hupimwa katikati, wima, kutoka kwenye ncha hadi kwenye kitako, na sehemu hiyo ndani ya koni ni hewa tupu. Huwezi kuichora kwenye manila.

Mshazari unapatikana kwa kanuni ya Pithagorasi: 6 × 6 + 8 × 8 = 100, na kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Kwa hiyo duara la kukatia koni lina nusu kipenyo cha sm 10.

Ukitumia 8 badala ya 10 huku kitako kikibaki cha sm 6, koni yako itakuwa na kimo cha karibu sm 5.3 tu, na zitahitajika koni nne na nusu kujaza mcheduara. Kumbe ile nne na nusu ina asili yake.

Nimechagua 6, 8 na 10 kwa sababu zote ni namba kamili na pembe ya koni nayo inatoka kamili. Vitabu vingi hupenda nusu kipenyo cha 7 ili 22/7 ikatike vizuri, lakini ukitaka mshazari uwe namba kamili pamoja na hiyo 7 itabidi kimo kiwe sm 24, na mcheduara wa namna hiyo unameza zaidi ya lita tatu na nusu za mchanga. Hakuna meza ya darasani inayohitaji hayo.

## Hatua ya 1: Chora na kata kipande cha koni

Chora duara la nusu kipenyo cha sm 10 kwenye manila. Chora mstari mmoja kutoka katikati hadi ukingoni. Weka kipimapembe katikati, pima nyuzi 144, kisha chora mstari wa pili.

Kipande cha nyuzi 144 ndicho kitakachoondoka. Kinachobaki kina nyuzi 216, na hicho ndicho koni.

Sababu ya 216 ni hii. Ukingo wa koni lazima uwe na mzingo wa kitako, yaani 2 × 3.14 × 6, sawa na sm 37.7. Duara zima la nusu kipenyo 10 lina mzingo wa sm 62.8. Tunahitaji sehemu sita ya kumi ya duara hilo, na sita ya kumi ya nyuzi 360 ni 216. Kipimapembe cha nusu duara hakifiki 216, ndiyo maana tunapima kile kinachotupwa.

Ukitaka vipimo vyako mwenyewe, gawa nusu kipenyo cha kitako kwa mshazari, kisha zidisha kwa 360.

Tahadhari: usikate bado. Kwanza ongeza ulimi wa gundi.

## Hatua ya 2: Ulimi wa gundi uwe nje ya kipimo

Ndani ya kile kipande cha nyuzi 144, chora mstari sambamba na mmoja wa mistari yako miwili, sm 1.5 kando yake. Huo utepe ndio ulimi. Sasa kata: fuata ukingo wa duara, fuata mstari wa nje wa ulimi, na upande wa pili fuata mstari wenyewe.

Ulimi ni nyongeza. Ukiutoa ndani ya zile nyuzi 216, ukingo wa koni unapungua sm 1.5, nusu kipenyo kinashuka hadi karibu sm 5.8, na jaribio litakupa koni tatu na karibu moja ya tano, yaani tatu na ziada inayotosha kumtia mtoto shaka. Ni kosa dogo kwa macho, kwa kuwa koni inaonekana nzuri tu, na kwa hiyo watu hulitafuta kosa kwenye mchanga.

## Hatua ya 3: Viringisha kabla ya kubandika

Manila ina upande unaokubali kupinda na upande unaobisha. Ivute taratibu kwenye ukingo wa meza, upande wa ndani ukiwa chini, mara kadhaa, mpaka ianze kujikunja yenyewe. Usiikunje kwa vidole. Mkunjo mmoja mkali ukiingia, koni haitakuwa duara tena.

Paka gundi kwenye ulimi, uingize chini ya upande wa pili, na uhakikishe ukingo wa upande wa pili unalala *juu ya mstari wa penseli* wa ulimi, bila kuupita wala kuupungukia. Bana ukingoni kwa kibanio. Sehemu ya juu karibu na ncha kibanio hakifiki, hivyo ishike kwa vidole hadi gundi ikamate, kisha weka selotepu kwa nje.

Ncha huwa na kitundu. Kizibe kwa tone la gundi kutoka nje, la sivyo mchanga utachuruzika mbele ya wanafunzi na hakuna atakayekusikiliza tena.

## Hatua ya 4: Pima koni

Ikikauka, ifunike mezani, ncha juu. Simamisha kigunia pembeni na laza rula kutoka kwenye ncha ya koni hadi kwenye kigunia. Soma urefu wa wima kutoka mezani hadi kwenye rula: uwe sm 8. Kisha laza rula kwenye ubavu kutoka nchani hadi mezani: iwe sm 10. Pima na upana wa mdomo katika pande tatu tofauti: kila upande sm 12.

Tofauti ya milimita moja inavumilika. Ikizidi mbili, tengeneza nyingine. Manila iliyobaki inatosha.

Vipimo hivi virudie darasani. Mwanafunzi aliyeona rula mbili kwenye koni moja zikisoma 8 na 10 hatachanganya tena kimo na mshazari kwenye mtihani.

## Hatua ya 5: Mvishe pete

Koni iliyojaa mchanga ina uzito wa karibu nusu kilo, na mdomo wake utataka kuwa yai. Kwenye boksi chora duara la nusu kipenyo sm 6 na jingine la sm 8 kutoka katikati hiyohiyo. Kata ubaki na pete. Ivishe koni kuanzia upande wa ncha, ipande hadi mdomoni, uibandike kwa nje. Uso wa pete ulingane na mdomo. Ukizidi juu umeongeza ujazo.

Ikigoma kufika mdomoni kwa sababu ya unene wa manila, kwangua tundu kidogo kwa wembe. Usiibane koni.

## Hatua ya 6: Ukuta wa mcheduara

Chora mstatili wa sm 37.7 kwa sm 8. Kwenye upande mmoja mfupi ongeza ulimi wa sm 1.5. Tumia kigunia kwenye kona zote nne, kwa sababu kona isiyo pembe mraba hutoa mdomo uliopanda upande mmoja.

Viringisha kwenye ukingo wa meza kama ulivyofanya kwa koni, bandika, bana juu na chini.

Boksi lenye mawimbi halifai hapa. Unene wake wa milimita kadhaa unaposokotwa, ule mzingo ulioupima unabaki nje na wa ndani unapungua, na mchanga unakaa ndani.

## Hatua ya 7: Kitako

Chora duara la nusu kipenyo sm 6, na nje yake jingine la sm 7.2. Kata kwa kufuata duara la nje. Sasa kata meno kutoka ukingoni hadi kwenye duara la ndani, kila baada ya sentimeta moja hivi. Pitisha kalamu isiyo na wino kwenye duara la ndani ili mkunjo uwe safi, kisha inua meno yote.

Simamisha ukuta juu ya kitako na ubandike meno kwa nje ya ukuta. Meno yakiwa ndani yanakula nafasi. Zungushia selotepu juu ya meno, na bandika kipande cha boksi chini ya kitako, kwa sababu mcheduara uliojaa utabeba karibu kilo moja na nusu na manila pekee itabonyea.

Ukimaliza, funika koni juu ya mcheduara, mdomo kwa mdomo. Vilingane pande zote. Zisimamishe pia bega kwa bega mezani: ncha ya koni na mdomo wa mcheduara viwe usawa mmoja. Haya ndiyo mafanikio ya sehemu ya kwanza.

## Hatua ya 8: Jaribu peke yako kwanza

Mchanga uwe mkavu kabisa. Uanike juani, uchekeche. Maharage na mahindi hayafai, kwani punje kubwa huacha hewa nyingi kwenye kuta, na ndani ya ncha ya koni haziingii kabisa. Mchele au ulezi unaweza kusaidia usipopata mchanga.

Jaza koni hadi ipite mdomo, kisha pitisha rula bapa juu yake mara moja, kuondoa kilichozidi. Mimina. Rudia mara tatu.

Usigonge chombo hata kimoja. Mchanga ukitikiswa hushuka, na ukigonga mcheduara peke yake utaonekana haujajaa ilhali modeli ni sahihi. Kama mkono wako unapenda kugonga, basi gonga vyote na kwa namna moja.

Baada ya koni ya tatu sawazisha kwa rula. Kwa hesabu mcheduara una sentimeta za ujazo 905 na koni 302. Kijiko cha chakula ni kama 15. Kikipungua au kikizidi kijiko kimoja au viwili, umefaulu.

## Ikikataa, soma namba yenyewe

Idadi ya koni inakuambia kosa liko wapi.

Nne na nusu: umefanya mshazari kuwa sm 8. Rudi hatua ya 1, hakuna kiraka.

Tatu na ziada ndogo: ulimi umekula mzingo wa koni, au mdomo wa koni umekuwa yai, au umegonga mcheduara.

Mcheduara unafurika kabla koni ya tatu haijaisha: meno ya kitako yako ndani, au ukuta umebandikwa ukapita mstari, au kitako kimevimba kuingia ndani. Angalia pia kama pete ya koni imezidi mdomo.

Majibu yanabadilika kila ukirudia: mchanga una unyevu.

## Modeli ya pili: piramidi tatu ndani ya mchemraba mmoja

Mchanga unaonyesha theluthi moja, lakini hauelezi imetoka wapi. Mwanafunzi makini atauliza, na anastahili jibu analoweza kulishika. Kwa maoni yangu modeli hii ndiyo ianze, koni ifuate.

Utatengeneza piramidi tatu zinazofanana kabisa, kila moja yenye kitako cha mraba wa sm 10, na ncha iliyo juu ya *kona* ya kitako badala ya katikati. Zikiunganishwa zinatoa mchemraba wa sm 10, wenye ujazo wa lita moja kamili.

Mchoro. Chora mraba ABCD wa sm 10: A chini kushoto, B chini kulia, C juu kulia, D juu kushoto.

Kutoka A shuka wima sm 10, weka alama, unganisha na B. Kutoka A nenda kushoto sm 10, weka alama, unganisha na D. Hizo ni pembetatu mbili ndogo.

Kutoka B nenda kulia sm 14.1, weka alama, unganisha na C. Kutoka D panda juu sm 14.1, weka alama, unganisha na C. Hizo ni pembetatu mbili kubwa.

Kila pembetatu ina pembe mraba, kwa hiyo kigunia kinatosha. Kipimapembe kiache kwenye mkebe. Kabla ya kukata, pima mistari ya mshazari, yaani upande wa pembetatu ulio mkabala na pembe mraba: kwenye pembetatu ndogo iwe sm 14.1, kwenye kubwa iwe sm 17.3. Mshazari wa pembetatu ndogo na mguu mrefu wa ile kubwa ndio watakaokutana, hivyo visipolingana piramidi haitafunga.

Ndimi. Weka ulimi kwenye mshazari wa kila pembetatu ndogo, kwenye mguu wa nje wa mojawapo ya hizo ndogo, na kwenye mshazari wa moja ya zile kubwa. Jumla ni nne.

Kukunja. Pitisha kalamu isiyo na wino kwenye kila mstari wa kukunja, rula ikiwa pembeni. Usitumie wembe hapa. Ukikata nusu ya unene, mkunjo utachanika baada ya vipindi vichache. Bandika ulimi mmoja, ngoja ukamate, ndipo uende kwa unaofuata.

Rangi. Kila piramidi iwe na rangi yake. Zikiwa rangi moja, wanafunzi wa nyuma hawataona ni kipi kimeingia wapi.

Kuunganisha. Watu wengi hufika hapa wakazigeuzageuza na kukata tamaa. Siri iko kwenye ukingo mrefu kuliko zote, ule wa sm 17.3. Kila piramidi unao mmoja. Zishike zote tatu ncha zikielekea upande mmoja, leta kingo hizo tatu ndefu zikutane katikati, na mchemraba utajifunga. Ukingo huo ndio ulalo wa mchemraba, kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala nayo kabisa, urefu ambao wanafunzi huuhesabu kwenye karatasi bila kuwahi kuuona.

Zikiachana kwa mwanya wa milimita mbili au tatu ni kawaida, maana manila ina unene. Zifunge kwa mpira wa kufungia noti. Mwanya ukipita nusu sentimeta, moja ya piramidi ina mguu wa sm 14.1 uliopimwa vibaya. Zilinganishe mbili mbili uso kwa uso uitambue.

## Mbele ya darasa

Toa mchemraba umefungwa. Fungua mpira, ziachie piramidi mezani, na uwape wanafunzi watatu wazilinganishe mpaka wakubali wenyewe kuwa ni sawa. Theluthi moja ipo mikononi mwao.

Ndipo lete koni na mcheduara. Kabla ya kumimina, kila mmoja aandike kwenye daftari anadhani zitaingia koni ngapi. Wengi huandika mbili, kwa kuwa pembetatu ni nusu ya mstatili na macho yanahamisha jambo hilo kwenye ujazo. Waache waandike. Kisha mwanafunzi amimine, si wewe, na darasa lihesabu kwa sauti.

## Kutunza

Andika vipimo chini ya kila modeli kwa kalamu isiyofutika: nusu kipenyo 6, kimo 8, mshazari 10. Mwalimu atakayekufuata hatalazimika kukisia.

Koni ihifadhi ndani ya mcheduara, ncha chini. Inaingia yote na mdomo haupati kupondeka, pete ikiwa imeegemea ukingo wa juu. Piramidi zikae zimefungwa kuwa mchemraba. Weka vyote ndani ya boksi lenye kifuniko, juu ya kabati na mbali na dirisha la mvua, na mchanga kwenye chupa yake yenye kizibo ili ukihitajika tena usianze kuanika upya.